Siha ya Mfanyakazi Ianzie Pale Anapofanyia Kazi

Kila ifikapo tarehe 1 Januari wananchi wa Visiwa vyetu huamka alfajiri, wakavaa fulana za rangi moja, wakaandamana kwa matembezi na mazoezi ya viungo katika Siku ya Mazoezi Kitaifa. Viongozi hushiriki pamoja na raia wa kawaida, vikundi vya Unguja na Pemba hukutana, na jasho huwatoka wote bila ya kujali cheo. Ni desturi njema, wala hatuna nia ya kuitia dosari. Fulana zenyewe twazipenda, na wengi wetu tunazo zaidi ya moja kabatini. Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wakuu wa Serikali, ni hili: tarehe 2 Januari, mfanyakazi yule yule akirejea kazini kwake, anakuta nini?

Katika miaka ya karibuni wizara, mashirika, mabenki na mahoteli yameanza kuzungumza juu ya mipango ya siha kazini. Hili nalo ni jema. Lakini aghalabu mpango huo hufika hapa ukiwa umeshaandikwa na kukamilika, ukiwa umetungwa kwa ajili ya watu wengine, na kazi inayobaki kwetu ni kuutafsiri na kuuzindua. Ndani yake mna mazoezi ya jioni baada ya kazi, kupimwa damu na uzito mara moja kwa mwaka, semina ya siku moja juu ya msongo wa mawazo, na tangazo la ukutani linalomhimiza mfanyakazi kunywa maji na kula matunda. Mtu aliyekusudiwa na mpango kama huo si vigumu kumtambua. Anakaa kitini kutwa, ana gari lake, nyumbani hangojwi na mtu wa kupikiwa, na haoni haya kumweleza mgeni mambo ya ndani ya nyumba yake. Katika watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya mwaka 2022, mtu wa namna hiyo yupo, lakini ni mmoja katika wengi, na si yeye anayebeba uzito wa uchumi wetu mgongoni.

Tumtazame anayeubeba. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo kimeenea hadi Pemba na kuwa riziki ya maelfu ya kaya. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mama wa mwani wa Paje, wa Jambiani au wa Tumbe hafuati saa ya ukutani, hufuata maji. Maji ya bamvua yakipwa anaingia baharini na kamba zake, taitai zake na mambo zake, naye huinama au hukaa ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi, jua likimpiga kichwani na kumrudia usoni kutoka chini. Akitoka, huutwika mwani mbichi uliojaa maji akaupandisha pwani kuuanika. Kisha huenda nyumbani, ambako kazi nyingine inamngoja, na hiyo ya pili haina bei kabisa.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, pamoja na wale wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Unguja, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake hawa. Waliyoyasikia kutoka kwao yalikuwa uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, taabu za kupumua, maradhi ya macho, na majeraha yatokanayo na viumbe vya baharini na makombe makali. Kipato chao kilikuwa kidogo mno kulinganisha na madhara hayo. Hapana lolote katika orodha hiyo ambalo lingemshangaza mkaazi wa vijiji vya pwani. Linaloshangaza ni kwamba miaka mingi imepita tangu hapo, na bado neno "siha kazini" likitajwa katika kikao, akili za wajumbe huenda moja kwa moja kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima autie mwili wake katika harakati za wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki. Pendekezo hilo linamfaa karani, na linamfaa mno mkuu wake. Ukimpelekea mama wa mwani utakuwa unamfanyia mzaha, maana dakika hizo yeye huzimaliza kabla wiki ya bamvua haijafika nusu. Haja yake ni viatu vya kumkinga na miba ya shuri, glovu, kofia pana, mashua au mkokoteni wa kumpunguzia mzigo, banda la kivuli na maji ya kunywa karibu na pwani, na meza ya kufungia mwani akiwa amesimama wima badala ya kupinda mgongo. Na lau tungetaka kumpima macho na shinikizo la damu, ingetupasa kwanza kuuliza maji yanapwa lini. Kliniki inayopangwa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa mujibu wa kalenda ya ofisi, huenda ikaangukia siku ambayo shehia nzima ya wanawake imo baharini. Kisha ripoti itaandikwa kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mdogo.

Hapa ndipo maneno "kulingana na mila zetu" yanapopata maana. Tumechoka kuyasikia katika hotuba, ambamo mara nyingi maana yake haizidi kuweka ngoma mwanzoni mwa hafla na halua mwishoni. Mila katika jambo hili ni namna watu wanavyogawa saa zao, anayeweza kumgusa nani na kumwambia nani lipi, vazi gani linavaliwa mbele ya nani, na nani anaaminiwa. Mpango ulioyapuuza hayo hushindwa, hata kama umeandikwa na bingwa.

Mfano mzuri tunao karibu. Watoto wa kike wengi wa Visiwa hivi hukua ukingoni mwa bahari bila ya kujua kuogelea, ingawa kaya zao hula kutokana na bahari hiyo hiyo. Mradi wa Panje, wa kaskazini ya Unguja, ulipotaka kuwafundisha wasichana na wanawake kuogelea na kuokoana, haukuanza kwa kuwahutubia wazee juu ya ukale wa mawazo yao. Uliwapatia wanafunzi mavazi marefu ya kuogelea yanayositiri mwili, na kwa hatua hiyo moja kizuizi kikubwa kikaondoka. Picha za wasichana wa skuli ya Kijini wakielea katika bahari ya Muyuni mwaka 2016 zilizunguka ulimwengu. Wageni waliziona kuwa ni picha za uhuru, na sisi tunaziona kuwa ni picha za mradi uliojua kuuliza kabla ya kuamuru. Tena faida yake haiishii skuli: mwani aina ya kotonii, ambao bei yake ni bora, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto, na kuufuata kwenye kina kirefu ni hatari kwa asiyejua kuogelea. Somo la kuogelea, basi, ni usalama kazini hasa.

Turudi mjini, kwani na huko mambo si shuwari. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikwisha kutuonya kwamba shinikizo la damu na kisukari si mambo ya mbali tena. Ofisi zetu zinachangia. Saa nne ya asubuhi ikifika, katika kila jengo la Serikali huingia mandazi, sambusa, chapati za mafuta na chai ambayo kijiko hukaribia kusimama ndani yake kwa sukari. Mipango ya kuazima hutushauri tuweke badala yake vyakula vya pakiti kutoka madukani, ambavyo mshahara wa mfanyakazi wa kawaida hauviwezi na ulimi wake hauvitaki. Kumbe dawa imo mashambani mwetu: muhogo na majimbi ya kuchemsha, viazi vitamu, boga, samaki wa kuchoma, machungwa na mapapai katika misimu yake. Na yule mama anayeleta mandazi ofisini asifukuzwe getini. Yeye ni mfanyakazi pia, anasomesha watoto kwa beseni lile. Aitwe, azungumzwe naye, ahakikishiwe wanunuzi, atachemsha muhogo kwa furaha ile ile aliyokaangia mandazi, na mafuta atakuwa ameyaokoa. Afisa mmoja mwenye busara angelimaliza jambo hili katika wiki mbili bila ya kuunda kamati.

Juu ya mazoezi, jambo zito zaidi ni wakati. Ofisi za Serikali hufungwa saa tisa na nusu ya alasiri. Mpango unaosema "mazoezi yataanza baada ya kazi" umekwisha kuamua, pengine bila ya kujijua, kwamba mazoezi ni ya wanaume. Mwanamke anayetoka ofisini saa hiyo ana chakula kinachomngoja jikoni, watoto wa kupeleka chuoni, na mara nyingi mgonjwa au mzee wa kutazama. Ndiyo maana vikundi vya wanawake vinavyostawi katika mji wetu hukutana alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Ikiwa Serikali na waajiri wanasema kweli kwamba siha ya mfanyakazi ni mali ya kazi, basi nusu saa ya mazoezi itolewe ndani ya saa za kazi, mara mbili au tatu kwa wiki, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao na mahali pao pa stara. Itasemwa kwamba nusu saa hiyo ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini siku nyingi za kazi zinapotea kwa ugonjwa, na fedha nyingi zinatoka katika Mfuko wa Huduma za Afya, ulioanza mwaka 2023 kwa watumishi wa umma, kwa ajili ya kutibu maradhi ambayo baadhi yake yangeliweza kuzuiwa.

Wala si lazima kila zoezi liwe la kuhesabu moja hadi kumi kwa filimbi. Wanawake wa Visiwa hivi wamecheza nage tangu utotoni, na hapana mwalimu wa viungo atakayewakimbiza kama nage inavyowakimbiza. Kirumbizi hutaka mguu mwepesi na jicho kali. Wachukuzi wa zamani wa bandarini na mjini walisukuma magari ya hamali kwa nyimbo, na nyimbo zile hazikuwa pambo: ndizo zilizopima mwendo, zikawapa pumzi, zikawafanya wasukume pamoja ili mzigo usimvunje mmoja. Wataalamu wangeliita hiyo elimu ya kupanga kazi ilingane na mwili. Hao hao wachukuzi, mwaka 1948, waligoma kwa sababu ujira wao haukuyafikia maisha yalivyopanda, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa siha ya mfanyakazi ni mambo ya mazoezi peke yake.

Tufike katika moyo. Mipango mipya yote ina sura ya afya ya akili, na inastahili kuwa nayo. Lakini hapa ndipo kuazima kunapofanya madhara zaidi. Mfanyakazi anaambiwa kwamba akielemewa aende kwa ofisa wa utumishi, au kwa mnasihi aliyeketi chumba cha jirani. Ofisa yule ndiye anayeandika ripoti ya kumpandisha cheo. Mnasihi yule huenda akawa mtoto wa shangazi ya mkewe. Visiwa ni vidogo, na siri iliyotoka asubuhi Vuga hufika Wete kabla ya magharibi. Hospitali ya Kidongo Chekundu inafanya kazi ya heshima, lakini jina lake watu hulitaja kwa mzaha, na mtu mwenye cheo hatakubali kuonekana hata akipita karibu na lango lake. Tena hapana mtu wa kwetu anayeamka akasema ana "msongo wa mawazo". Husema roho imemsonga, au moyo umemchoka, au ana fikra nyingi na usingizi hauji. Karatasi ya maswali isiyoyajua maneno hayo itarudi na majibu kwamba wafanyakazi wote ni wazima.

Mila yetu haikuacha jambo hili bila ya mlango. Mwanamke wa Kiswahili alikuwa na somo wake, mtu mzima aliyemlea katika mambo ya utu uzima, anayeambiwa yasiyoambiwa mama, na ambaye sifa yake yote ilisimama juu ya kuficha. Wanaume wana baraza, ambako baina ya bao na dhumna hutoka maneno ambayo hayangetoka mbele ya meza. Hatusemi somo aajiriwe wizarani kwa barua. Twasema mnasihi afanane naye: awe nje ya ngazi ya vyeo vya ofisi ile, awe wa jinsia ya mwenye shida, achaguliwe na wafanyakazi wenyewe miongoni mwa watu wazima wanaowaamini, kisha afundishwe na wataalamu namna ya kutambua maradhi yanayohitaji daktari. Na akutwe mahali ambapo kwenda hakumtangazi mtu.

Juu ya mahoteli tutasema machache, si kwa kuwa madogo, bali kwa kuwa yanajulikana. Mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar walipindukia laki saba, na kila kitanda walicholalia kilitandikwa na mtu. Mtu huyo mara nyingi ameondoka kijijini kwake au mjini kabla ya jua kuchomoza, au anarudi usiku wa manane, na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani anahudumia meza za chakula kutwa naye amefunga. Hoteli itakayopanga zamu za Ramadhani kwa kuzingatia futari na daku, ikatoa usafiri wa salama usiku na mahali pa kupumzika na kusali, itakuwa imefanya zaidi kuliko hoteli itakayompa mfanyakazi ruhusa ya kutumia chumba cha mazoezi cha wageni. Na kwa kuwa wafanyakazi wengi wa mahoteli hayo ni ndugu zetu wa Bara, wengine wa dini nyingine, mila ya kuzingatiwa si moja. Waulizwe na wao.

Mashambani, hasa Pemba, mchumaji wa karafuu bado anapanda mkarafuu mrefu kwa miguu mitupu na matawi yaliyolowa umande, akilipwa kwa pishi, yaani akilipwa kwa haraka. Shirika la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka, na twalipongeza. Lakini fidia hufika mtu akiwa chini. Twataka kusikia juu ya ngazi imara, kamba za kujifungia na mafunzo kabla ya msimu, yakitolewa kambini na kwa lugha ya wachumaji.

Tunajua pia kwamba yapo mambo yanayoitwa mila ambayo si mila bali ni kisingizio. Akilalamika mama wa mwani kwamba mgongo unamwuma, huambiwa kazi ni kuvumilia na mvumilivu hula mbivu. Mara nyingi anayemwambia hivyo ndiye anayezila hizo mbivu. Mnunuzi anayeupima mwani kwenye mizani ana sehemu yake katika mgongo ule. Anapotoa kamba na taitai ili apate mwani, anaweza pia kutoa viatu na glovu, na mikataba yake iseme hivyo.

Na hapa tunafika penye kazi ya Serikali. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, inayomtwisha mwajiri wajibu juu ya usalama wa walio chini yake. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika misingi yake mikuu, msingi unaozihusu nchi zote wanachama. Tatizo ni kwamba mama wa mwani, mchumaji wa karafuu na muuza mandazi hawana mwajiri wa kumwonyesha mkaguzi. Sheria inayosubiri mwajiri apatikane itawasubiri kaburini. Yapasa wizara inayohusika na kazi na wizara ya afya zikae pamoja, zitamke wazi kwamba ufuo unaolimwa mwani na shamba linalochumwa karafuu ni mahali pa kazi, na kila mahali pa kazi pawe na fungu lake katika bajeti. Njia ya kuwafikia watu hao ipo tayari. Mpango wa Jamii ni Afya umekwisha kuwaweka wahudumu wa afya ya jamii katika wilaya zote 11, wanaoingia majumbani kuwatazama kina mama na watoto. Wahudumu hao ni wa shehia zile zile, wanajua maji yanapwa lini na nani hasemezani na nani. Waongezewe mafunzo, vifaa na posho, kisha waongezewe kazi ya kutazama migongo na macho ya wafanyakazi wa pwani. Kwa mpango huo, tusingependa kusikia kwamba kazi imeongezwa na posho ikasahauliwa.

Mapendekezo yatakapoandikwa, yasomwe kwanza na wale yatakaowahusu, na yasomwe kwa Kiswahili chao. Kikao cha mwani kifanyike kijijini, chini ya mwembe au katika skuli ya shehia, wala si katika ukumbi wa hoteli. Na wakuu watakaokwenda watazame kwanza jedwali la maji, kikao kiwekwe wakati bahari imejaa, kwani ikiwa imepwa wenyewe hawatakuwapo.